Shubiri Tisa kwa Nne

Jumanne ile, saa saba na dakika ishirini mchana, Mizani alikuwa ameinama juu ya kaunta ya vifurushi akipima mkono wake mwenyewe. Ukingo wa kaunta ulikuwa na rula ndefu ya chuma iliyopigiliwa misumari, ya kupimia mizigo ya wateja. Alikuwa amebandika kidole gumba mwanzo wa rula na kukinyoosha kidole cha mwisho mpaka kikauma. Kilifika inchi nane. Alikuwa ameibana simu kati ya bega na shavu, na ndani ya simu seremala alikuwa akigonga misumari huku akimsubiri.

"Bado upo?" seremala akauliza.

"Nipo, fundi. Nafanya hesabu."

"Fanya, lakini fanya haraka. Nina vitanda ishirini vya bweni la shule. Nikipata vipimo vyako sasa hivi, Jumamosi una milango. Nikivipata kesho, basi tena."

Mbele ya Mizani lilikuwa wazi daftari dogo lenye madoa ya saruji. Kwenye ukurasa wa pili kulikuwa na maandishi ya penseli: Mlango, shubiri 9 kwa 4. Tisa mara nane ni sabini na mbili. Nne mara nane ni thelathini na mbili.

"Inchi sabini na mbili kwa thelathini na mbili," akasema. "Milango miwili, na fremu zake."

Nyundo ikanyamaza. "Futi sita? Mlango wa mtu mzima, futi sita? Umepima mwenyewe?"

"Nimepima mwenyewe."

"Haya. Nyumba yako, kichwa chako."

Simu ikakatika. Mizani akalifunga daftari, akalirudisha mfuko wa shati, akatazama saa. Zilibaki dakika thelathini na nane za mapumziko, na dirishani alikuwa anamsubiri mtu aliyetaka kuulizia chumba. Kwenye dawati la pili, dada mmoja mnene aliyegonga mihuri kwa nguvu za mtu mwenye kisasi, na ambaye kwa hiyo wote walimwita Da Stempu, alikuwa anamtazama huku akitafuna.

"Sasa tunapima vifurushi kwa mkono?" akauliza. "Niambie mapema, nijue kama kesho tutapima kwa mguu."

"Hiki si kifurushi, dada."

"Najua si kifurushi. Kifurushi ungekaa nacho. Wewe siku hizi hukai na kitu."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Walimwita Mizani kwa sababu mwaka huu ulikuwa wa tisa tangu awekwe kwenye mizani ya ofisi ile. Zamani alikaa hasa, kiti kikashika umbo lake. Lakini tangu kaka yake afariki, miezi mitano iliyopita, kiti kile kilikuwa kimepoa. Alipima mizigo amesimama, aliandika lebo amesimama, chai aliinywa akitembea kati ya dirisha na mlango. Nyumbani alikula akiwa ameegemea ukuta. Akijaribu kulala, miguu ilianza kuchezacheza chini ya shuka kama ya mtu aliyesahau kitu sokoni.

Kaka yake alikuwa fundi mwashi, na mafundi wenzake walimpachika jina la Kiganja. Mkono wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba akikusalimu ulihisi umefungiwa mlango. Hakuwahi kumiliki tepu ya kupimia. Alipima kila kitu kwa shubiri, toka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, akautembeza mkono ukutani kama kaa anayepanda mwamba, na kuta zake zilisimama wima kuliko za wenye tepu.

"Tepu inakatika," alipenda kusema. "Tepu inaazimwa, hairudi. Huu," na hapo aliinua mkono, "huu nani atauazima?"

Wawili hao ndio walionunua kile kiwanja cha pembezoni mwa mji, mwendo wa saa nzima na ushee toka ofisini. Mpango ulikuwa mwepesi kuusema. Mizani angebaki na ajira yake, mshahara ukitoka alete saruji na mabati. Kiganja alimwambia siku ya kwanza, wakiwa wamesimama kwenye nyasi zinazowafika kiunoni, "Wewe lete saruji, mimi naleta mgongo." Wangejenga chumba kimoja kimoja kwa mstari, wapangishe, vyumba vya mwanzo vijenge vya baadaye. Siku moja Mizani angeiaga mizani na Kiganja angeacha kujenga nyumba za watu. Hilo walilisema kwa sauti ya chini, maana waliona haya kulitaka kiasi hicho.

Vyumba viwili vilifika paa. Kuta zilipigwa plasta, madirisha yakawekwa. Kisha Jumatatu moja Kiganja akaugua homa ambayo kila mtu aliiona ndogo, na Ijumaa hakuwepo.

Yalibaki matundu mawili ya milango, vigingi vichache vya chumba cha tatu vilivyoliwa na mchwa, na lile daftari.

Sasa, nusu ya kiwanja ilikuwa ya Kiganja, na nusu hiyo ikawa ya mjane wake. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache, na utepe wa kupimia ulikuwa haumtoki shingoni hata akienda dukani. Wiki mbili na nusu kabla ya simu ile ya seremala, Mizani alikwenda kwake kumpa habari za kiwanja. Shemeji yake alimaliza kwanza kushona pindo, akakata uzi kwa meno, ndipo akaongea.

"Shemeji, kaa."

"Nimekaa ofisini kutwa nzima."

"Mwongo wewe. Haya, simama. Bwana Ghala amenijia tena."

Bwana Ghala alikuwa jirani wa kiwanja, mwenye ghala la magunia. Alitaka mahali pa lori kugeuzia.

"Amekuja mara ya tatu sasa," shemeji akaendelea. "Ana adabu, hanisukumi. Na mimi nitakwambia ukweli wangu, usije kuusikia kwa watu. Kila nikienda pale naona yale matundu mawili meusi yananitazama. Nikirudi, siku mbili sishoni vizuri. Kazi ya mwenzangu imegeuka mahali pa kunitesa. Nimemwambia Bwana Ghala aje pale pale, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi, apate jibu lake."

Mizani akaushika ukingo wa mlango. "Na jibu lenyewe?"

"Linakutegemea wewe. Nikikuta milango, na mtu wa kukaa ndani, namwambia hapana, na wewe na vyumba vyako mwende mbele. Nikikuta matundu, nauza nusu yangu."

"Shemeji, ukiuza nusu yako, lori litapita sebuleni kwangu. Itabidi na mimi niuze."

"Najua," akasema, akarudisha kitambaa chini ya sindano. "Ndiyo maana nimekupa wiki tatu."

Kwa wiki tatu hizo Mizani alikuwa mguu na njia. Saa ya chakula ikawa saa ya wapangaji. Alibandika tangazo la vyumba kwenye nguzo nje ya ofisi, na watu wakaanza kuja dirishani na bahasha mikononi ili msimamizi asishtuke. Mmoja alitaka chumba chenye varanda. Mwingine aliuliza kama kuku wanaruhusiwa, na alipoambiwa wanaruhusiwa, akauliza kama ni mia mbili wanaruhusiwa. Jumapili aliwapeleka watu kuona, akiwaonyesha chumba kwa kurudi kinyumenyume kama mpiga picha, akiongea bila kupumua ili wasipate nafasi ya kuangalia tundu la mlango.

Kazini akili ilianza kumponyoka. Kifurushi cha dawa alikibandika lebo ya kifurushi cha viatu. Msimamizi wa ofisi, mzee mkavu aliyefuta miwani kabla ya kila karipio, alikigundua kabla hakijakabidhiwa mtu.

"Wiki iliyopita uliomba ruhusa ya dirisha lililovunjika," akasema, akifuta. "Juzi ya bati linalovuja. Nisaidie kuelewa, kijana. Umeajiriwa na mimi au na nyumba?"

"Na wewe, mzee."

"Basi mwambie nyumba."

Mpangaji alimpata mahali asipotazamia. Alhamisi kabla ya Jumamosi yenyewe, alikuja kaunta muuguzi kuchukua kifurushi cha viatu, kile kile ambacho lebo yake ilikuwa imekwenda kwenye dawa. Alikuwa mfupi mno. Kaunta ilimfika kidevuni, na Mizani alianza kuona kofia kabla ya kuona mtu. Wakati anasaini alisoma lile tangazo la vyumba, maana nakala yake moja ilikuwa imebaki mfukoni mwa Mizani na ikachungulia.

"Kuna kelele huko?" akauliza.

"Kuna ghala. Magunia hayana kelele."

"Mimi nafanya kazi usiku, nalala mchana. Ninapokaa sasa, mlango haufungiki vizuri, kila mtu anaingia kuazima chumvi. Sitaki marumaru, sitaki varanda. Nataka mlango ninaoufunga na funguo, nilale. Upo?"

"Upo," Mizani akasema. Kisha, kwa kuwa hakuzoea kudanganya, akaongeza, "Utakuwepo Jumamosi."

"Basi Jumamosi nakuja na begi langu. Nikikuta mlango, naingia. Nisipoukuta, nageuza."

"Njoo saa tisa na nusu," akasema Mizani, na siku ile hata ile chai ya kutembea hakuinywa.

Siku za Jumamosi ofisi ilikuwa ikifungwa saa nane. Jumamosi ile seremala alipiga simu saa tano.

"Tumefika kiwanjani," akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole ambao haukuwa wa kawaida yake, na upole huo ndio uliomfanya Mizani aiache kalamu. "Njoo uone."

"Kuna nini?"

"Haya mambo hayasemeki kwenye simu. Njoo."

Mizani akaenda kwa msimamizi akiwa tayari amevua koti la kazi. Mzee akafuta miwani kwa muda mrefu.

"Ruhusa ya nini leo?"

"Ya mlango, mzee."

"Ukienda, Jumatatu saa mbili uje ofisini kwangu kabla hujagusa mizani. Tutaongea habari ya kuchagua."

Mizani alisimama. Mara ya kwanza kwa wiki nyingi miguu ilitulia, ikawa mizito. Nyuma yake muhuri uligonga karatasi, pa.

"Nenda," Da Stempu akasema bila kuinua macho. "Mizani nitaikalia mimi. Kilo ni kilo, haijali nani kaipima."

Akaenda.

Milango ilikuwa mizuri. Hilo lazima lisemwe. Mbao zilikuwa kavu, zimepigwa randa mpaka zikawa laini kama sabuni, fremu zimekaza. Seremala na mwenzake walikuwa wameisimamisha katika matundu yake, na ilisimama humo kama mtoto aliyevaa koti la baba yake. Juu palibaki uwazi ambao ungeweza kupitisha debe limelala. Ubavuni mkono uliingia mpaka kwenye kifundo.

Mizani alizunguka ndani, akatoka, akazunguka tena, kana kwamba upande wa pili hali ingekuwa nyingine.

"Nilikuuliza," seremala akasema.

"Uliniuliza."

"Ukasema umepima mwenyewe."

"Nilipima."

"Ulipima nini?"

Mizani akatoa daftari mfukoni. "Hili."

Seremala alilitazama daftari, akautazama mlango, akamtazama mwenzake, ambaye alijifanya anatafuta msumari chini. "Miaka ishirini na mbili kazini," akasema taratibu. "Nimeshaona mtu kapima dirisha badala ya mlango. Nimeshaona aliyepima nyumba ya jirani. Lakini aliyepima daftari, hapana, wewe ni wa kwanza."

"Unaweza kutengeneza mingine?"

"Leo? Hata ungekuwa mkwe wangu."

Saa nane zilifika, zikapita. Mizani alipiga simu kwa maseremala wawili, wa kwanza hakupokea, wa pili alicheka. Alikwenda mpaka barabarani kutazama kama kuna karakana, akarudi mbio akiogopa shemeji yake asije akafika hayupo. Alichota mchanga akauacha. Aliokota tofali, akalipeleka mlangoni, akalirudisha. Seremala alikuwa ameketi kwenye gogo akila muhogo, akimfuata kwa macho kama anayetazama mpira.

Saa tisa kasorobo shemeji akaja, kwa miguu, utepe shingoni. Hakusalimia. Alisimama mbele ya chumba cha kwanza mikono kiunoni, akatazama ule uwazi wa juu, kisha ule wa ubavuni. Mizani alisogea karibu akasimama nyuma yake kidogo.

"Shemeji, kosa ni langu. Niliharakisha. Fundi alitaka vipimo saa ile ile, nami niko kazini, sikuweza kuja huku, daftari likiwa mfukoni. Nikaona shubiri ni shubiri."

Shemeji alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Mizani akampa daftari. Shemeji akausoma ukurasa wa pili, akausoma tena.

"Shubiri tisa kwa nne," akasema. "Ulipima kwa mkono wa nani?"

Mizani aliuinua mkono wake wa kulia, mkono wa karani, mwembamba, wenye doa la wino kwenye kidole cha kati.

Shemeji aliutazama ule mkono. Midomo ilianza kumcheza. Alijaribu kujizuia, akaziba mdomo kwa daftari, lakini kicheko kilimshinda nguvu, kikatoka puani, akachuchumaa pale pale mlangoni akicheka mabega yakitikisika, na Mizani, aliyekuwa hajamsikia akicheka tangu mazishi, hakujua afanye nini na mkono aliouinua. Akaushusha. Baadaye kidogo hakikuwa kicheko tena, na seremala akaugeuzia mgongo mlango akaendelea na muhogo wake.

"Mkono huo," shemeji akasema alipopata sauti, akijifuta kwa ncha ya utepe. "Ndio wa kupimia nyumba ya yule mtu? Unajua alikuwa ananiletea vitambaa? Hakukubali kupimiwa na muuza duka, alipima mwenyewe kwa mkono wake. Kitambaa kikifika nyumbani napima, kila siku kimezidi. Miaka nikidhani yule muuza duka ni mkarimu. Nikampelekea hata zawadi."

Mizani alitabasamu bila kupenda.

"Ngoja." Akainuka, akabandika kiganja chake ukutani, akatanua vidole. "Mimi nakwama hapa. Yeye alinizidi hivi." Akaongeza vidole viwili vya mkono wa pili, vimelala pamoja, mwisho wa kidole chake kidogo. "Shubiri yangu na vidole viwili. Hakika. Nimeupima mkono ule mara ngapi mimi, tulipokuwa hatuna cha kufanya."

Akavuta ndoo iliyopinduliwa, akapanda, akapima ule uwazi wa juu ya mlango. Mkono wake ukaingia, na vidole viwili, na ncha ya pili ikagusa saruji bila kubaki hata nafasi ya njiti. Akatulia hapo, mkono umetanuka ndani ya tundu.

"Pengo lote," akasema kwa sauti ndogo, "ni mkono wake mmoja."

Mizani akakaa chini. Hakutafuta mahali, alikaa tu, juu ya mchanga, suruali ya kazini na yote. Alikuwa akitazama ule mkono pale juu. Alikaa muda. Hakuna aliyemhesabia.

Aliyeongea kwanza ni seremala. "Mimi mwenzenu sina habari za shubiri," akasema, akikung'uta mikono, "ila nina mbao za vitanda kwenye mkokoteni. Naweza kuweka ubao juu, na ubao ubavuni, na hapo kati nikaacha kimwanya chenye wavu, hewa iingie. Mlango utabaki mfupi. Lakini utafunga. Huu wa kwanza naumaliza saa kumi. Wa pili, sahau."

"Fanya," wakasema wote wawili kwa pamoja.

Muuguzi alifika saa tisa na nusu kamili, na begi moja na mto mmoja. Mizani akainuka haraka, akaanza kurudi kinyumenyume, akaanza yale maneno yake, kwamba ni marekebisho madogo, kwamba mlango umetokea mfupi kidogo. Muuguzi hakumsikiliza. Alipita chini ya fremu ya futi sita akiwa na mto kichwani, akaingia, akatoka, akaingia tena.

"Mfupi kwa nani?" akauliza kutoka ndani.

Seremala akaacha kupiga nyundo.

"Mimi maisha yangu yote sijawahi kugonga kichwa popote," muuguzi akasema. "Wageni wangu ndio watainama. Vizuri. Kuna wajomba zangu hawajawahi kuniheshimu, sasa watajifunza. Kitasa kiko wapi?"

"Kinakuja," seremala akasema kwa heshima. "Kinakuja, mama."

Bwana Ghala alitokea saa kumi kasoro dakika tano, shati safi, fimbo mkononi, mtu wa adabu kama alivyosemwa. Alisalimia kila mmoja. Alitazama mlango wa kwanza ulioning'inia kwenye bawaba mbili, kitasa bado, akatazama wa pili uliokuwa umeegemezwa ukutani ndani ya tundu lake jeusi.

"Mama," akamwambia shemeji, "sitaki kuonekana mchokozi. Lakini uliniambia milango. Mimi naona mlango, tena haujakaa sawa. Na tundu lipo bado. Kwa maneno yako mwenyewe, nadhani jibu langu nimelipata."

Maneno ya Bwana Ghala yalikuwa sahihi. Mizani akamtazama shemeji yake.

Shemeji hakuwa anatazama milango. Alikuwa amefunua daftari ukurasa wa tatu, kisha wa nne, kisha wa tano, akifuatisha penseli kwa kidole.

"Bwana Ghala," akasema, "hapa pameandikwa chumba cha tatu, kumi na sita kwa kumi na nne. Jiko la pamoja, kumi kwa tisa. Choo hiki hapa. Kuna na varanda, sikujua kama kulikuwa na varanda. Unaweza kuniambia hizo ni futi ngapi?"

"Mimi? Nitajuaje, mama?"

"Hujui. Huyu naye hajui, umeona milango yake. Fundi hajui. Hakuna anayejua isipokuwa mimi." Akalifunga daftari, akalitia kwapani. "Nilisema milango, ni kweli nilisema, na unisamehe kwa kukuchosha miguu. Siuzi."

Bwana Ghala alichora mchanga kwa fimbo. "Mume wako aliwahi kunijengea ngazi za ghala," akasema hatimaye. "Kila ngazi sawa na mwenzake. Nilimtafutia tepu, akakataa." Akaaga, akaondoka, na kwa mbali wakamsikia akimwambia dereva wake ageuzie lori barabarani.

Kitasa kiliingia saa kumi na robo. Muuguzi aliufunga mlango kwa ndani, wakasikia ufunguo ukizunguka mara mbili, kisha kimya. Alikuwa na zamu usiku ule, alitaka alau saa mbili za usingizi.

Miguu ya Mizani ilikuwa imeanza tena. Kesho apate tofali za kuziba. Mlango wa pili. Jumatatu saa mbili, msimamizi na miwani yake, na nini atasema, kwamba atachagua nini na lini. Alikuwa tayari ameanza kuelekea barabarani bila kujua anaendea nini, ndipo shemeji alipomwita.

"Unakwenda wapi? Lete vigingi."

Alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi, pembeni ya ukuta wa chumba cha pili, utepe ukibembea shingoni bila kazi. Alibandika mkono wa kulia ardhini, akaongeza vidole viwili vya kushoto, akaweka alama kwa kijiti. Akasogea. Tena. Mizani alimfuata nyuma amechutama, jiwe mkononi, vigingi vipya kwapani.

Simu ikalia mfukoni mwake. Ilikuwa namba ya msimamizi.

"Si tungekata fimbo ya urefu huo?" akauliza. "Ingekwenda haraka."

"Fimbo tutaikata kesho. Umenifikisha kumi na mbili, usinipotezee hesabu."

Simu ikalia mpaka ikachoka. Shemeji akabandika mkono, akaongeza vidole viwili.

"Kumi na tatu," akasema Mizani.